Loiyangalani: Kijiji Kilicholelewa na Chemchemi

Hapa Kigali, mtu aamkaye alfajiri katika majira ya mvua huyasikia maji kabla hajayaona. Hutiririka katika mifereji ya kando ya barabara, hushuka mabondeni kuelekea Nyabugogo, na chini ya vilima vingi huchuruzika kutoka ardhini bila ya kuchimbwa wala kusukumwa na mashine. Watoto kwa wazee huenda huko na madumu yao, huyajaza, kisha hupanda mlima kurudi nyumbani. Jambo hilo tumelizoea mno, hata hatulioni tena kuwa ni neema.

Askari, hata hivyo, hufundishwa kuyatazama maji kwa jicho jingine. Sisi tuliopitia chuo cha makadeti tunakumbuka jinsi ramani ilivyokuwa ikitandikwa mezani, na kabla ya kuulizwa adui yuko wapi, tukaulizwa maji yako wapi. Wengi wetu tulidhani kuwa ni swali la watoto. Katika nchi ya vilima elfu, ni nani atakayekosa maji? Ndugu zetu waliokwenda Darfur kuanzia mwaka 2004, kwanza chini ya bendera ya Umoja wa Afrika na baadaye ya Umoja wa Mataifa, ndio waliorudi wakatuarifu kwamba swali lile halikuwa jepesi hata kidogo. Huko waliona watu waliokuwa tayari kutembea usiku kucha kwa ajili ya dumu moja, na waliona pia kwamba mapigano mengi, hata yale yaliyoitwa kwa majina mengine, yalikuwa na kisima au malisho ndani yake.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa leo kuwasimulia wasomaji wetu, hasa askari na polisi, historia ya kijiji kimoja kidogo kilichomo katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Kijiji hicho hakikuanzishwa na mfalme wala mfanyabiashara. Kimeanzishwa na chemchemi. Jina lake ni Loiyangalani.

MAHALI PA MITI MINGI

Loiyangalani ipo kaskazini mwa Kenya, katika kaunti ya Marsabit, kwenye ufuko wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana. Kutoka Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na kadiri msafiri anavyokaribia ndivyo nchi inavyozidi kujivua majani. Miti hupungua, nyasi hutoweka, na mwishowe hubaki mawe meusi yaliyotapikwa na volkeno zamani za kale, yamelala yakichomwa na jua hadi upeo wa macho. Kigali hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Kule hazifiki 250, na iko miaka ambayo mvua hupita juu bila ya kutua.

Katikati ya mawe hayo, ghafula, jicho hukutana na kijani. Ni mikoma, ile minazi ya nyikani yenye shina linalogawanyika kama matawi ya mti mwingine, pamoja na migunga michache na majani mabichi yaliyoota kandokando ya maji. Katika lugha ya Wasamburu neno Loiyangalani maana yake ni mahali pa miti mingi. Mtu wa Nyungwe angecheka akiambiwa kuwa miti ile ni mingi. Lakini jina la mahali hutolewa na mtu aliyetoka jangwani, na kwake yeye miti ile ni msitu.

Maji hayo yanatoka wapi? Jibu liko upande wa mashariki, ambako Mlima Kulal umesimama na kufikia kimo cha karibu meta 2,285. Wakati nchi ya chini inaungua, kilele cha Kulal hufunikwa na ukungu, na juu yake kuna msitu halisi unaokamata unyevu huo. Maji huzama katika miamba ya volkeno, husafiri chini kwa chini gizani, kisha hutokea tena chini ya mlima, karibu na ziwa, yakiwa vuguvugu na yanayonyweka. Wenzetu wanaoifahamu Mutobo, wilayani Musanze, hawatashangaa. Hata kwetu mvua inayonyesha juu ya milima ya volkeno hunywewa na mawe, na huonekana tena mbali chini ikiwa chemchemi.

Huenda msomaji akauliza: je, kijiji kilichokaa kando ya ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 250 kina haja gani ya chemchemi? Hapo ndipo penye siri ya mahali hapa. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani miongoni mwa yale ya kudumu yaliyomo jangwani, lakini halina mto hata mmoja unaotoka ndani yake. Maji huingia, hasa kwa mto Omo utokao Ethiopia, na hayana njia ya kutokea ila kupanda angani kwa nguvu ya jua. Chumvi na magadi hubaki nyuma. Mtu anaweza kusimama ndani ya ziwa hilo hadi kiunoni na bado akawa na kiu. Chemchemi ya Loiyangalani, hata ikiwa nyembamba kama mkono, ina thamani kuliko bahari ile yote ya kijani iliyo mbele yake.

WENYEJI WA KWANZA NA WAGENI WENYE NGAMIA

Miongoni mwa watu wanaojulikana kuishi katika ufuko huo tangu zamani ni Waelmolo, mojawapo ya makabila madogo kabisa katika Afrika Mashariki. Wakati majirani zao wote wanaishi kwa mifugo, wao waliishi kwa ziwa: samaki, mamba na kiboko. Chombo chao kilikuwa magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja, na nyumba zao zilikuwa vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa makuti na matete. Waliyanywa maji ya ziwa kwa kuwa hawakuwa na budi, na magadi yakaacha alama katika meno na mifupa yao. Lugha yao ya asili ilimezwa polepole na Kisamburu, lakini wenyewe hawakumezwa, na hadi leo vijiji vyao viko kaskazini kidogo mwa Loiyangalani.

Baada yao, au sambamba nao, walikuwa wakija na kuondoka wafugaji: Warendille na ngamia zao, Wasamburu na ng'ombe zao, Wagabra kutoka upande wa jangwa la Chalbi, na baadaye Waturkana kutoka kusini na magharibi mwa ziwa. Hawa hawakujenga hapo. Walifika, wakanywesha, wakaenda zao.

Askari aliyewahi kupanga chakula na maji ya kikosi ataielewa hesabu ya watu hawa mara moja. Ng'ombe hataki kupitisha siku mbili au tatu bila ya maji. Mbuzi huweza kuvumilia siku kadhaa zaidi. Ngamia huweza kukaa siku 10 na hata zaidi, kisha akifika majini hunywa lita zipatazo 100 kwa mara moja. Kwa hiyo mwenye ng'ombe hawezi kwenda mbali na kisima, na mwenye ngamia huweza kulisha mbali sana na kurudi. Mpangilio huo ndio uliowawezesha watu wa makabila mbalimbali kutumia chemchemi moja bila ya kugongana kila siku, kwa maana kila mmoja alikuwa na zamu yake na malisho yake.

Zamu si jambo la kubuni. Kwa Waborana, majirani walioko upande wa mashariki na kaskazini, kisima huwa na mzee wake maalum, ambaye kazi yake ni kupanga nani anyweshe leo na nani kesho. Mgeni mwenye kiu hafukuzwi, lakini hapiti mbele ya wenye zamu. Ni nidhamu isiyoandikwa katika kitabu, na mtu yeyote aliyepata kusimama kwenye foleni ya kambi atakiri kwamba ni nidhamu ya kweli.

MSAFARA ULIOFIKA NA KIU

Mwaka 1887 ulitoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, msafara mkubwa uliokuwa ukiongozwa na Count Samuel Teleki, mtu mwenye cheo kutoka Hungaria, pamoja na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria. Waliobeba mizigo walikuwa mamia ya wapagazi wa pwani, na pamoja nao alikuwamo mfanyabiashara mashuhuri wa Pangani, Jumbe Kimemeta, aliyezifahamu njia za bara. Vitabu vya Ulaya huwataja wakubwa wawili wale kuwa ndio waliovumbua ziwa. Sisi twaona ni haki kukumbusha kwamba ziwa lilikuwa na wenyewe, na kwamba wengi wa wageni walioliona siku hiyo walikuwa wapagazi waliozungumza Kiswahili, lugha hii hii tunayoitumia katika ukurasa huu.

Waliliona ziwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Machi 1888, wakitokea upande wa kusini. Walikuwa wamepita katika nchi ya mawe bila ya maji ya kutosha, na walipofika ufukoni watu walikimbia na kujitupa ndani. Walipoyaonja maji wakakuta ni ya magadi. Hakuna mwanajeshi atakayesoma habari hiyo bila ya kuwahurumia. Hata hivyo waliendelea kuufuata ufuko wa mashariki kwenda kaskazini, wakipita katika nchi hiyo ya Loiyangalani, na wengi katika wapagazi wale hawakurudi tena kwao. Ziwa likapewa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, nalo likabaki na jina hilo hadi mwaka 1975, serikali ya Kenya ilipolibadili kuwa Ziwa Turkana.

Ziwa lenyewe halikuwa na huruma kwa wageni. Mwaka 1934 msafara wa kisayansi wa Mwingereza Vivian Fuchs ulifanya kazi sehemu hizo. Wenzake wawili walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, nao hawakuonekana tena. Upepo wa huko hushuka ghafula kutoka Kulal, na mawimbi huinuka kama ya bahari.

WILAYA ILIYOFUNGWA

Chini ya utawala wa Waingereza nchi hiyo yote iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kwa sheria ya mwaka 1934 ilihesabiwa kuwa miongoni mwa wilaya maalum, ambazo mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila ya kibali. Shule zilikuwa chache mno, na hospitali hali kadhalika. Serikali ilionekana kwa sura ya doria: askari wa Keya, na wale polisi wa kikabila waliojulikana kwa jina la dubas, wenye vilemba vyekundu, wakizunguka kwa ngamia kutoka kisima hadi kisima.

Tunataka msomaji alitie jambo hilo moyoni. Ukiichora ramani ya doria zile utaona kwamba umechora ramani ya maji. Mtawala alijua kwamba anayekaa kisimani huwaona watu wote, kwa maana hakuna asiyefika hapo. Lakini kumwona mtu siyo kumtumikia. Kwa miaka mingi chemchemi zilitumika kama mahali pa kuhesabia watu na mifugo, na si kama mahali pa kuanzia maendeleo yao. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, kaskazini ilikuwa imeachwa nyuma sana, na deni hilo likalipwa kwa damu.

RISASI KANDO YA MAJI

Mwisho wa mwezi ule ule wa uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo la kaskazini-mashariki. Sehemu ya wakazi wake walitaka kujiunga na Somalia, na vita vilivyofuata, vilivyojulikana kama vita vya Shifta, vikaendelea hadi mwaka 1967. Loiyangalani ilikuwa mbali na kitovu cha vita hivyo. Katika miaka ile palikuwa na nyumba ndogo ya wageni kwa ajili ya wavuvi wa kitalii waliokuja kwa ndege, na wamisionari wa Kikatoliki wa Consolata walikuwa wameanza kujenga kituo chao kando ya chemchemi. Palikuwa shwari, na kwa kuwa palikuwa shwari, ulinzi wake ulikuwa mdogo.

Mwishoni mwa mwaka 1965 wavamizi wenye silaha waliingia kijijini. Meneja wa nyumba ya wageni aliuawa, na padre wa misioni aliuawa. Mahali palipokuwa pakijulikana kwa kumpa kila mtu maji pakajulikana kwa msiba.

Kwa nini wavamizi wale walifika huko? Tukio hilo lina mafunzo ambayo ofisa yeyote anaweza kuyasoma. Mtu anayetembea jangwani na bunduki ana kiu sawasawa na mtu anayetembea na fimbo. Njia zake zote humfikisha kwenye maji, apende asipende. Kwa hiyo hakuna kijiji cha chemchemi kinachoweza kusema kuwa kiko mbali na vita. Vita vikiwapo nchini, siku moja vitakuja kunywa.

Serikali ya Kenya kwa upande wake iliwakusanya wafugaji wengi wa kaskazini katika vijiji vilivyolindwa, ili waasi wasipate chakula wala habari. Kijeshi hatua hiyo ilieleweka. Lakini mifugo iliyozuiwa kuhama ilikufa kwa wingi, na watu waliokuwa na mali wakageuka kuwa masikini wanaongoja posho. Mapatano yaliyofikiwa Arusha mwezi Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, yalifungua njia ya kumaliza vita. Umasikini ule haukumalizika kwa saini.

KIJIJI CHAKUA, MALISHO YAPUNGUA

Baada ya vita misioni ilijengwa upya, shule na zahanati zikaendelea, na kituo cha polisi kikawapo. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1970. Familia zilizopoteza mifugo yao hazikuwa na mahali pa kwenda ila palipo na maji, posho na usalama. Waturkana walishika nyavu wakawa wavuvi. Wasamburu na Warendille wakajenga karibu na shule. Mahali ambapo watu walikuwa wakipita pakawa mahali pa kukaa, na hivyo ndivyo kijiji cha leo kilivyozaliwa.

Mwaka 1976 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, likishirikiana na lile la mazingira, lilianzisha katika eneo la Mlima Kulal utafiti mkubwa juu ya nchi kame. Wataalamu walikuja kuchunguza kwa nini jangwa linaenea. Wengi walitazamia kuambiwa kuwa ni mvua, au kwamba wafugaji wana mifugo mingi kupita kiasi. Walichokikuta kilikuwa na maelezo marefu zaidi. Kuzunguka vijiji na visima ardhi ilikuwa imechakaa kabisa, miti imekatwa kwa ajili ya nyumba na maboma, na nyasi hazipewi nafasi ya kuota. Na wakati huo huo, yalikuwapo maeneo makubwa ya malisho mazuri ambayo hayakuguswa na mnyama yeyote wa kufugwa. Sababu ilikuwa moja: watu waliogopa kwenda huko. Wizi wa mifugo na uvamizi vilikuwa vimezifunga njia.

Kwa maneno mengine, jangwa lililokuwa likiizunguka chemchemi lilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya bunduki. Mahali njia zilipofungwa kwa hofu, watu walibanana kwenye maji, na walipobanana ardhi ikafa. Tunakiri kwamba katika habari zote tulizozisoma kuhusu Loiyangalani, hakuna iliyotugusa kuliko hiyo. Tumezoea kufikiri kwamba usalama ni kazi ya askari na mazingira ni kazi ya bwana shamba. Kumbe doria inayomwezesha mchungaji kulala salama malishoni ni doria inayopanda nyasi.

UPEPO, ZIWA NA MAHAKAMA

Historia ya miaka ya karibuni tutaipitia kwa ufupi. Upepo ule ule uliowaogofya wavuvi una chanzo chake katika umbile la nchi: hewa hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na kama maji yaliyobanwa katika bomba, huongeza kasi. Kusini mwa kijiji, mahali paitwapo Sarima, ilijengwa mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Umeme wake uliingia katika gridi ya taifa mwaka 2018, na mradi ukazinduliwa rasmi mwaka 2019.

Lakini ardhi iliyotengwa kwa mradi huo ilikuwa ekari 150,000, na wenyeji waliona kuwa hawakuulizwa ipasavyo. Hawakuchukua bunduki. Mwaka 2014 walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa njia halali, ikatoa muda wa kurekebisha. Mwenye kuijua historia ya kaskazini ataona umbali uliopo kati ya mwaka 1965 na 2021. Ugomvi juu ya ardhi ulipelekwa mbele ya hakimu, ukaandikwa kwenye karatasi, na watu wakarudi nyumbani wakiwa hai.

Ziwa nalo lina habari zake. Mwaka 2018 hifadhi za Ziwa Turkana ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kwa hofu ya mabwawa na mashamba yaliyojengwa juu ya mto Omo. Kisha, kinyume cha hofu hiyo, maji yalipanda kama yalivyopanda katika maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Waelmolo waliona makaburi ya wazee wao yakizama, na kijiji chao cha Komote kikatengwa na nchi kavu. Watu waliokuwa wakihofia kukauka kwa ziwa wakawa wanalikimbia.

Pamoja na hayo yote, tangu mwaka 2008 kijiji kina jumba la makumbusho ya jangwa, na pia hufanyika tamasha ambalo makabila ya pande zote za ziwa hukutana, yakacheza ngoma na kuonyesha kazi za mikono yao. Watu waliopata kuibiana mifugo hula sahani moja mahali penye maji.

FUNZO KWA MWENYE SILAHA

Historia ya vita imejaa chemchemi. Mwezi Julai 1187 jeshi la Wazungu wa msalaba liliondoka katika chemchemi za Saffuriya, likakatiwa maji na Salahuddin karibu na Hattin, na kiu ikalimaliza kabla ya mishale. Tarehe 31 Oktoba 1917 wapanda farasi wa Australia walishambulia Beersheba kwa haraka ya ajabu, kwa sababu visima vya mji vilipaswa kutwaliwa siku ile ile, la sivyo farasi wangekufa. Mafunzo hayo twafundishwa vyuoni, na ni sawa kufundishwa.

Lakini yako mafunzo mengine, na hayo Loiyangalani huyafundisha vizuri zaidi. Itifaki za Ziada za Mikataba ya Geneva, za mwaka 1977, zinakataza kushambulia au kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila ya kuwa navyo, na mitambo na akiba za maji ya kunywa zimetajwa waziwazi. Sheria hiyo haikutoka mawinguni. Ilitokana na jambo ambalo wazee wa visima walilijua tangu zamani, kwamba mtu anaweza kupigana na jirani yake asubuhi na bado akahitaji kunywa naye jioni.

Wala tusijidanganye kuwa kazi ni nyepesi. Mwezi Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, kusini mwa nchi hiyo tunayoielezea, polisi wa Kenya zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Walikuwa kazini, kama tulivyo sisi kazini, nasi twawakumbuka kwa heshima. Damu yao inatukumbusha gharama ya njia zilizoachwa zikafungwa kwa miaka mingi. Na inatukumbusha kwamba askari asiyeijua nchi na watu wake, wanakonywesha, wanakopita na wanaoogopana nao, huingia bondeni kama kipofu.

Afande anayesoma makala haya katika kambi au kituo chake huenda atasema kwamba Rwanda haina jangwa. Ni kweli. Lakini tunayo mabonde yaliyofyekwa, chemchemi zilizofukiwa na udongo ulioporomoka, na vijana wanaosukumana kwenye bomba wakati wa kiangazi. Siku ya umuganda, tunaposhika majembe pamoja na wananchi na kupanda miti juu ya chanzo cha maji, wako kati yetu wanaoiona kazi hiyo kuwa nje ya uaskari. Na wawakumbuke wakazi wa Loiyangalani, ambao kwao mkoma mmoja ni msitu.

Na mwenzetu atakayetumwa kesho kulinda amani katika nchi kame, atakapoambiwa asimame kando ya kisima, tunamwomba ajiulize amesimama hapo kwa ajili gani. Akisimama ili awazuie watu, atakuwa amepata maji na kupoteza nchi. Akisimama ili yule mzee mwenye zamu aweze kuwaita watu wake kwa majina, huyu leo na yule kesho, bila ya mtu kutazama nyuma yake, basi atakuwa ameitimiza kazi iliyomtoa kwao.

Chemchemi za Loiyangalani zinaendelea kutoka chini ya Kulal, usiku na mchana. Hazimuulizi anayekuja ni kabila gani. Kazi ya kuhakikisha kwamba anayekuja anafika salama, na anarudi salama, hiyo imeachwa mikononi mwa wanadamu, na sehemu yake kubwa imeachwa mikononi mwetu sisi tuliokabidhiwa silaha.